Mholanzi na Saa ya Bibi

Mimi sikuomba kufundisha fizikia. Nilipewa. Mwaka uliofuata Mapinduzi walimu wengi walikuwa wameshaondoka Unguja, wengine kwa kuaga na wengine bila ya kuaga, na skuli yetu ya wasichana, hapo Mji Mkongwe, ilibaki na madarasa mengi kuliko watu wa kuyasimamia. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu mwezi wa Disemba. Januari nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nami nikadhani naitwa kwa ajili ya kitabu cha maktaba nilichokuwa sijakirudisha.

"Wewe fizikia ulikuwa ukiiweza," akaniambia.

"Naam."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa boksi la chaki, akanipa. Usaili wangu wa kazi ulikuwa ni huo, na mshahara wenyewe ulikuja kutajwa baadaye sana.

Mwalimu aliyekuwa akitufundisha somo hilo aliniachia vitabu vyake kabla hajapanda meli. Vingi vililiwa na mchwa, lakini kimoja kilikuwa kizima: kitabu cha Kiingereza cha historia ya fizikia, kikubwa, chenye harufu ya karafuu kwa sababu alikuwa akikihifadhi pamoja na nguo. Alikuwa na tabia ya kuandika maswali pembeni kwa penseli. Si maswali ya mtihani. Ni ya mtu anayebishana na kitabu. "Nani aliyemwona?" "Alipima mwenyewe au aliambiwa?" Wakati niko darasani kwake sikumpenda sana, maana hakuwa mtu wa kusifu. Niliposoma yale maandishi yake ya penseli ndipo nilipomshukuru, na nimeendelea kumshukuru mpaka leo, ingawa sijui alifikia wapi.

Katika kitabu hicho kulikuwa na habari za Mholanzi mmoja, bingwa wa fizikia na hisabati wa miaka mia tatu nyuma. Ndiye aliyetengeneza saa ya timazi, yaani saa yenye lile dude la shaba linalobembea ndani ya kioo. Mabaharia wa kwao walizipakia saa za namna hiyo merikebuni ili wajue wako wapi baharini, maana ukijua saa ya nyumbani na ukalitazama jua la hapo ulipo, unaweza kupiga hesabu ya umbali uliokwenda upande wa mashariki au magharibi. Basi merikebu moja ikarudi kutoka Rasi ya Tumaini Jema, na saa zile zilipopigiwa hesabu, zikasema kwamba merikebu ilipita juu ya Ayalandi na Skotilandi. Juu ya ardhi, palipo na watu na ng'ombe wao!

Mtu mwingine angezitupa saa. Yule Mholanzi hakuzitupa. Alisema dunia inazunguka, na kwa mzunguko huo vitu vilivyo karibu na Ikweta vinavutwa chini kwa nguvu pungufu kidogo kuliko vile vya kaskazini, kwa hiyo timazi ikifika huku kwetu hubembea polepole zaidi na saa hubaki nyuma. Akaongeza dakika zilizopungua, na merikebu ikarudi baharini, kwenye njia yake. Mwalimu wangu alikuwa ameandika pembeni: "Je, alisahihisha kwa sababu aliijua dunia, au kwa sababu alitaka merikebu irudi majini?"

Niliwasomea wanafunzi wangu hadithi hiyo mwezi wa Februari. Walikuwa wasichana kumi na wanane wa darasa la kumi, na mimi nilikuwa nimewazidi miaka mitatu tu, minne kwa wengine. Walicheka sana kwa ile merikebu iliyopita juu ya ng'ombe. Kulikuwa na mmoja wa Bububu, mwembamba, mdomo haukai, aliyekuwa na mazoea ya kusimama kabla hajaambiwa asimame. Akasimama.

"Mwalimu, alijuaje kama saa ndiyo iliyokosea? Labda nahodha ndiye aliyekosea."

Nikamwambia akae. Hilo lilikuwa jibu langu la kila swali nililokuwa silijui, na darasa zima lilishalijua. Wakaangaliana wakatabasamu, nami nikaona uso unaniwaka moto. Mimi hasira zangu ziko karibu, nimezirithi kwa baba, na nikizuiwa kuzitoa mdomoni zinanifanyisha mambo. Hapo hapo nikatangaza kwamba hatutamwuliza Mholanzi wala nahodha. Tutapima wenyewe. Kwa bibi yangu ipo saa ya timazi iliyotengenezwa Ujerumani, nchi ya baridi, kaskazini kabisa. Ikiwa Mholanzi alisema kweli, saa hiyo hapa Unguja lazima ibaki nyuma dakika mbili na kitu kila siku. Nitaisoma siku kumi nizilete hesabu.

Wiki ile ile mwalimu mkuu akaniita tena. Safari hii hakufungua mtoto wa meza. Akaniambia kwamba mkaguzi atakuja mwishoni mwa Machi kutazama masomo ya sayansi, na kwamba kuna maneno yanapita huko juu: fizikia kwa wasichana inakula vipindi, vifaa hakuna, mwalimu mwenyewe ni mtoto. Vyerehani vipo na mwalimu wa ushoni yupo. Mkaguzi asiporidhika, vipindi vyetu viwili vitapewa ushoni kuanzia muhula ujao.

"Na wale wanaotaka kuendelea?" nikauliza.

"Wataendelea na ushoni, mwanangu."

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa amechoka, ana skuli ya watu mia kadhaa na chaki ya kuhesabu. Lakini mimi nilitoka pale bila ya kukubali. Nilikuwa nimeanza kulipenda lile darasa la watu kumi na wanane kwa namna ambayo sikuitegemea, na yule wa Bububu alikuwa amekwisha niambia siri yake kwamba anataka kusoma mpaka fizikia imwishie. Nikasema moyoni: ile saa itatuokoa. Nitamwonesha mkaguzi jaribio lililofanywa Unguja, kwa saa ya Unguja, linalokubaliana na bingwa wa Ulaya. Atasema nini?

Wazee wangu walikuwa wakiishi Bububu, lakini mimi tangu nianze skuli nilikaa kwa Bibi, mama yake mama, katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya msikiti. Saa ile ilitundikwa ukumbini, juu ya kochi. Babu aliinunua walipooana, na tangu afariki Bibi alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa chake maalumu, na mtu mwingine akiikaribia humwuliza anatafuta nini.

Nikamwomba ruhusa. Nikamweleza habari za Mholanzi, za merikebu na za dunia inayozunguka. Akasikiliza mpaka mwisho akichambua mchele.

"Na mie nifanye nini?"

"Usifanye kitu, Bibi. Ufunguo tu, usiutie. Ntautia mie mwenyewe."

"Haya. Mie siutii."

Basi kuanzia katikati ya Machi, kila asubuhi, redio ilipopiga vile vijipigo vyake vya saa moja kabla ya taarifa ya habari, mimi nilikuwa nimesimama juu ya kochi na daftari mkononi. Saa ya Bibi haikulingana na ya redio, na hilo halikunishangaza, kwani nyumba za zamani zote zilihesabu saa zao kuanzia magharibi: jua likizama ni saa kumi na mbili kamili, basi. Redio ikisema saa moja asubuhi, ya Bibi ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Sikujali. Nilichotaka ni kuona ile ishirini na sita ikipungua: siku ya pili ishirini na tatu na nusu, ya tatu ishirini na moja, mpaka mwisho.

Haikupungua. Siku ya pili ilikuwa ishirini na sita na nusu. Ya tatu, ishirini na saba. Siku moja ikarudi kidogo, nikafurahi, kesho yake ikapanda tena. Siku ya kumi ilikuwa thelathini. Saa iliyotakiwa kubaki nyuma dakika ishirini na kitu ilikuwa imetangulia dakika nne.

Nilikasirika kama nilivyokasirika mara chache maishani. Nilimkasirikia Mholanzi, nikamkasirikia Mjerumani aliyeitengeneza, nikaikasirikia na redio. Darasani nikawaambia wanafunzi hesabu bado hazijakamilika. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilipotoka kazini nikapita Darajani, nikanunua karatasi kubwa ya manila na wino wa rangi mbili, mweusi na mwekundu, nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye meza ya ukumbini, nikaanza kuandika jedwali.

Niseme kweli kwa sababu hakuna haja ya kuficha tena. Sikuandika hesabu nilizozisoma. Niliandika zile nilizotakiwa kuzisoma. Siku ya kwanza dakika mbili na nusu, ya pili tano, ya tatu saba na robo, na nikawa mjanja: siku nyingine nikipunguza robo, nyingine nikiongeza, ili lisionekane limetungwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikajiambia kwamba hata Mholanzi mwenyewe aliongeza dakika zake, na hakuna aliyemwita mwongo.

Siku zote wakati wa magharibi mimi huwa chumbani au msalani natia udhu, nikisali chumbani kwangu. Siku ile nilikuwa sina sala, nimo katika siku zangu. Nilibaki pale mezani na kalamu yangu nyekundu, na ndiyo maana nikaona.

Muadhini alianza. Bibi akainuka kutoka kwenye mkeka wake, akapanda juu ya kochi taratibu, akafungua kile kioo cha saa, akatia kidole kimoja, akausukuma mshale mkubwa mpaka juu. Saa kumi na mbili kamili. Akafunga kioo, akashuka, akaenda kutia udhu. Alifanya hayo bila ya kunitazama, kwa mkono uliokuwa umekwisha yazoea.

Nikapiga ukelele. "Bibi! Unafanya nini?"

"Naiweka sawa."

"Nlikwambia usiiguse!"

"Uliniambia nisiutie ufunguo. Ufunguo sijautia."

Na kweli. Nilimwambia ufunguo. Nililelewa nyumba ile tangu nina miaka saba, utotoni nikimwona Bibi akipanda kochi lile kila jioni ya Mungu, na siku niliyotaka kuipima saa halikunijia kabisa akilini kwamba kuna mtu anayeisahihisha. Dakika zake zote zilizopotea zilikuwa zikifutwa kila jua likizama. Na kwa kuwa jua la mwezi wa Machi linazama mapema kidogo kila siku, saa ikaonekana inakimbia. Nilikuwa nimepima machweo siku kumi nikidhani ninapima timazi.

Hapo ningecheka. Badala yake nilimfokea. Nilimwambia ameniharibia kazi, amewaharibia wasichana kumi na wanane maisha yao, kwa jambo la kijinga la mishale. Bibi alisimama mlangoni, mtandio wake mkononi. Hakuwa mtu wa kufokewa, wala mimi sikuwahi kumfokea kabla ya hapo. Akaenda kusali. Alipomaliza akarudi, akaja mezani, akaitazama karatasi yangu ya manila. Herufi za Kizungu alikuwa hazijui, alisoma za Kiarabu, lakini tarakimu alizijua zote.

"Hizi ni za nini?"

"Za saa."

"Saa ipi?"

Nikaifunga chupa ya wino.

"Hii yangu? Hii iliyokwenda mbele siku zote hizo ukiguna asubuhi juu ya kochi?" Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hapa umeandika imerudi nyuma. Saa yangu haijasema hivyo. Umeisingizia."

Neno hilo liliniingia. Kumsingizia mtu lilikuwa ndilo kosa ambalo nyumbani kwetu halikusamehewa, hata kumsingizia paka kwa samaki aliyeliwa na mtu. Na hii ilikuwa saa ya marehemu. Nikaanza kulia, kwa aibu zaidi kuliko kwa kitu kingine, nikamwomba radhi kwa kumfokea na kwa saa. Bibi akavuta kiti. Akaniuliza mkaguzi anakuja lini. Nikamwambia Alhamisi asubuhi.

"Tangu sasa hivi mpaka Alhamisi, saa isipoguswa, utapata ukitakacho?"

"Ntapata siku mbili tu, Bibi. Si kumi."

"Mbili za kweli," akasema, akaenda kabatini.

Akaleta kanga, akaifunika saa. Alisema mkono wake haumsikilizi, ukiona kioo utapanda wenyewe. Nikaichana ile karatasi vipande vinne mbele yake.

Jioni ya Jumanne muadhini alipoanza nilikaa naye. Alisali, kisha akarudi kukaa chini ya ile kanga mikono yake mapajani, na mara mbili nikamwona anajinyanyua na kujirudisha. Tangu aolewe hakuwahi kuiacha saa hiyo ikapitwa na magharibi hata mara moja, hata siku aliyofiwa. Alikuwa akifanya hivyo kwa ajili ya darasa ambalo hajawahi kuliona, la somo ambalo jina lake hakuweza kulitamka. Sikujua namna ya kumshukuru. Nilimpikia chai ya tangawizi, nikaitia sukari nyingi mno, akainywa yote.

Jumatano asubuhi nilipoinua kanga, saa ilikuwa nyuma dakika mbili na nusu, ukilinganisha na nilivyoisoma Jumanne asubuhi. Alhamisi ilikuwa nyuma karibu tano.

Nikatoka mbio kumwambia. Nikamkuta amekwisha vaa buibui.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Nnakwenda na wewe. Daftari lako linasema saa yangu inakimbia. Nnakwenda kuitolea ushahidi."

Mkaguzi alikuwa bwana wa makamo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alikaa nyuma ya darasa pamoja na mwalimu mkuu, na Bibi akapewa kiti karibu na dirisha. Wanafunzi wakasimama wote wakamwamkia kwa sauti moja, "Shikamoo Bibi," naye akaitikia "Marahaba" kumi na nane, mojamoja, mpaka mkaguzi akatazama saa yake ya mkononi.

Nikatundika majedwali mawili, la siku kumi na la siku mbili. Nikaeleza yote: kwamba la kwanza ni hesabu nilizozisoma lakini sikujua ninasoma nini, kwamba palikuwapo jedwali jingine zuri zaidi kuliko haya, nililolitunga mwenyewe, nami nimelichana. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Nikadhani sasa ndiyo basi, vyerehani vinaingia. Lakini nilikuwa nimekwisha anza na sikuweza kurudi. Nikawaambia kuhusu swali la penseli la mwalimu wangu, na jibu nililolipata mezani kwa Bibi: yule Mholanzi aliongeza dakika, na mimi niliongeza dakika. Yeye aliwaandikia wenye merikebu akawaeleza nini alichokiongeza, kiasi gani na kwa nini, ili mtu mwingine aje apime ambishie. Mimi nilipunguza robo hapa na robo pale ili nisijulikane.

Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba walimbishia kweli, na kwamba safari iliyofuata saa zake hazikwenda alivyotarajia. Siku ile sikulijua hilo. Ningelijua ningelisema.

Yule wa Bububu akasimama, bila ya kuambiwa. Hakunielekea mimi. Alimwelekea Bibi.

"Bibi, samahani. Kila jioni jua likizama ukiiona saa haijafika kumi na mbili, ulijuaje kama saa ndiyo iliyokosea? Kwa nini isiwe jua?"

Lilikuwa swali lake lile lile la Februari. Bibi akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, saa ile nnaitia ufunguo mimi. Jua sijapata kulitia ufunguo."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu akaziba mdomo kwa leso yake. Mkaguzi hakucheka, alikuwa anaandika. Alipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Hizi dakika tano, ni dunia, au ni mafuta ya saa yamezeeka?"

"Sijui, bwana," nikasema. "Inaweza kuwa dunia, inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa joto. Hilo tutalipima muhula ujao tukiwepo."

Akafunga daftari lake. Barua ilikuja baada ya wiki tatu, fupi, ya mistari minne. Fizikia iendelee. Na chini, kwa mkono, si kwa mashine, alikuwa ameongeza: yapatikane mafuta mapya ya saa.

Tulimwita fundi wa saa wakati wa likizo. Alifungua, akatazama chini ya timazi palipo na ile nati ndogo ya kuipandisha na kuiteremsha. Rangi nyekundu aliyoipaka Mjerumani kuifunga nati isisogee ilikuwa bado nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Nani angeigusa? Saa iliyosahihishwa kila jioni hakuna aliyejua kwamba inachelewa. Fundi akasema aizungushe mara mbili, saa itakwenda sawa na redio. Akatia mafuta mapya, lakini nati nikamzuia. Tukaipima tena, siku saba, Bibi na kanga yake: ilibaki nyuma vile vile, dakika mbili na nusu kwa siku, labda kasoro kidogo. Si mafuta, basi. Joto bado sina uhakika nalo.

Lakini nataka kurudi Alhamisi ile, tulipokuwa tunarudi nyumbani yeye na mimi, jua kali, Bibi akishika mkono wangu kwenye vichochoro. Kisha akauliza:

"Na yule Mholanzi, merikebu ilipopanda nchi kavu, nani aliyemwambia hesabu zake zina kasoro?"

"Hakuna, Bibi. Alikaa peke yake akahesabu."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Hakuwa na bibi."

Nilicheka mpaka nikasimama. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba hiyo hiyo. Siku ya tatu, ya hitima, ukumbi ulijaa wanawake, nami nilikuwa nimekaa chini, ukutani, sioni wala sisikii. Muadhini akaanza magharibi. Watu wakaanza kuinuka kwenda kutia udhu, na mimi sikuinuka. Nikasikia kochi linalia. Nilipotazama juu nikamwona yule msichana wa Bububu, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli ile ile, darasa lile lile, amepanda viatu mkononi. Alikuwa amekifungua kioo. Akauangalia mshale kwanza, akauliza kwa sauti ndogo ili asiwasumbue watu.

"Mwalimu, imebaki nyuma dakika saba. Niiweke sawa?"

Dakika saba kwa siku tatu: mbili na kitu kila siku. Tangu Bibi afariki hakuna aliyeigusa.

"Andika kwanza," nikamwambia. "Kisha iweke."